Mfuko Mtupu wa Namba 417

Jumamosi, saa mbili na dakika kumi asubuhi, Emil Hritz alipitisha kidole gumba juu ya kadi moja ya besiboli na hakukutana na kitu. Kadi ilikuwa laini kama ganda la yai. Asubuhi ya jana yake ilikuwa na alama hamsini na nane za penseli, na alikuwa amezihesabu zote kwa kidole hichohicho.

Saa mbili na robo alipiga simu polisi.

Inspekta Colleen Yuhas alifika saa tatu kasoro dakika kumi. Mji wa Johnstown ulikuwa umelala vizuri usiku ule. Kituoni hapakuwa na jingine. Alikuta mlango wa mbele mzima, wa nyuma mzima, madirisha yamefungwa kwa ndani. Mzee wa miaka sabini na mmoja alikuwa ameketi jikoni, albamu nene imefunguliwa mbele yake, na macho yake yote mawili yamefunikwa na ukungu wa mtoto wa jicho.

"Wewe si binti wa Yuhas fundi bomba?"

"Ndiye mimi."

"Baba yako alinitengenezea sinki hilo mwaka tisini na sita. Mpaka leo linavuja."

"Nitamfikishia. Umeibiwa nini, Mzee Emil?"

"Kadi."

"Ngapi?"

"Moja. Na mwizi ameacha nyingine mahali pake. Nzuri kuliko yangu."

Yuhas aliacha kuandika. "Rudia hapo."

Emil alirudia. Yuhas alivuta kiti.

Ilikuwa seti ya mwaka 1961, kadi mia nne sitini na mbili, zile zilizokuwa zikija ndani ya pakiti za jojo. Watoto wa mitaa ile walizinunua kwa senti za kukusanya chupa. Jojo lilikuwa gumu kama kigae, na unga wake wa waridi uliganda kwenye kadi ya juu, hata chumba kizima kikanukia sukari siku tatu. Kadi za wachezaji wasiopendwa zilibanwa kwenye spoki za baiskeli ziungurume kama pikipiki. Zile za kupendwa zilikaa sandukuni. Emil alikuwa ameikusanya upya seti hiyo mtandaoni kwa miaka kumi na mmoja, kadi moja moja, kutoka kwa watu wa Iowa, Texas na kwingineko ambao hakuwahi kuwaona.

"Iliyoibiwa ni ya mchezaji gani?"

"Si ya mchezaji. Ni kadi ya orodha ya toleo la mwisho. Inakuonyesha namba zote za toleo hilo, nawe unatia alama zile ulizonazo. Zisizo na alama ni adimu, maana mtoto gani angeacha kutia alama? Yangu ilikuwa imechorwachorwa, kona moja imekunjika. Kwa mkusanyaji, takataka."

"Na kwako?"

"Alama ni za kaka yangu."

Kaka yake aliitwa Metro. Alikufa Vietnam mwaka 1968, akiwa na miaka kumi na tisa. Baada ya mazishi, mama yao alipeleka sanduku lake la kadi kwenye mnada wa kanisa bila kumuuliza mtu. Mwezi huu, muuzaji mmoja wa Nebraska aliweka kadi ya orodha kwenye tovuti ya mnada. Emil aliikuza picha kwenye simu mpaka ikajaa skrini, akaona alichokiona.

"Wengine wanatia vema. Metro alitia misalaba. Msalaba wetu wa Wakristo wa Mashariki, wenye vijiti vitatu vya kukingama, cha chini kimelala upande, kama ule ulio juu ya paa la kanisa. Alikandamiza penseli kama anayechimba. Ilifika Jumatano. Tangu hapo kila asubuhi naitoa, naipapasa, nairudisha."

Yuhas alitoa kadi iliyoachwa, akaishika kwa kibano. Safi. Kona nne kali. Alifungua mkoba, akatoa kopo la poda ya alama za vidole.

"Hiyo ni nini?"

"Poda."

"Juu ya kadi ya sitini na moja? Afadhali unipake mimi usoni!"

Yuhas alirudisha kopo, akawasha tochi, akailaza karibu na meza. Mwanga ulipita juu ya kadi kwa ubavu. Usoni hapakuwa na alama ila mburuzo wa kidole gumba cha Emil mwenyewe. Kwenye kingo mbili zinazotazamana palikuwa na vipande vya alama za vidole vingine, vyembamba kama uzi. Mtu huyo alikuwa ameishika kadi kwa kingo tu.

"Nani ana ufunguo wa nyumba hii?"

"Binti yangu, yuko Pittsburgh. Doris, muuguzi anayenitia dawa ya macho. Na Len Palko."

"Doris anashikaje kadi?"

"Kama kipande cha pizza. Nilimpiga marufuku."

"Len ni nani?"

"Rafiki yangu tangu utotoni. Ana seti kama hii, naye ameimalizia mtandaoni, kila kona inakata kama wembe. Mtu wa madoido. Mimi ananiita kipofu mwenye makaratasi, mimi namwita bibi harusi, kwa glovu zake za pamba."

"Jana ulitoka saa ngapi?"

"Saa nane hadi saa kumi na moja. Kila Ijumaa tunafinya pirogi, vile vijiandazi vya kujazwa viazi, ukumbi wa kanisa."

"Len alikuwepo?"

"Hakuja. Tumbo." Emil aligonga meza kwa kidole. "Binti, unauliza vibaya. Len ndiye atakayenipeleka hospitali Jumatatu, jicho la kwanza."

Yuhas aliandika: *Jumatatu, upasuaji*. Akapiga mstari chini yake.

"Bahasha ilipofika Jumatano, ulikuwa na nani?"

"Na yeye. Nilimwambia anisomee nyuma, kuna nini. Akatoa kioo chake cha kukagulia kona."

"Akasema?"

"'Misalaba tu.' Kisha akasema kahawa imemvuruga, akaenda zake. Keki yake hakuigusa. Len kuacha keki!"

Yuhas alifunua kurasa za albamu kuelekea mwisho. Kila karatasi ya plastiki ilikuwa na mifuko tisa, na yote ilijaa. Ukiacha ule wa kadi ya orodha, mmoja tu ulikuwa mtupu.

"Na huu?"

"Namba 417. Stan Wojtas, mrushaji, mtoto wa hapahapa. Alicheza ligi kuu msimu mmoja, mkono ukamfia."

"Ni adimu?"

"Nikitaka nyingine, itafika Alhamisi."

"Kwa nini hukununua?"

Emil alifunika mfuko ule kwa kiganja.

"Metro alikuwa nayo. Mtaa mzima uliitafuta, akaipata yeye, Agosti ile. Kesho yake haikuonekana. Tulilala chumba kimoja. Alinitazama mimi. Hakusema neno, alikwenda dukani akanunua kufuli, akafunga sanduku lake. Kufuli lile lilining'inia mbele ya macho yangu miaka sita na nusu. Kaka yangu amekufa akijua mimi ni mwizi, na sikuichukua. Basi, siweki nyingine hapo."

Saa nne kasoro tano Yuhas alikuwa ndani ya gari lake. Alipiga simu mbili. Binti wa Pittsburgh alikuwa zamu ya maabara Ijumaa kutwa, msimamizi alithibitisha. Doris alikuwa kwa wagonjwa wengine, na daftari la zamu lilikuwa na sahihi zao. Kisha akafungua kompyuta, akatafuta tangazo la Nebraska. Kadi ilikuwa imeuzwa, lakini picha zilibaki, mbele na nyuma. Mwizi alichukua kadi. Picha hakuweza kuichukua.

Aliikuza ya nyuma. Misalaba ilisimama safu kwa safu. Kwenye 417 ulikuwepo msalaba, na pembeni yake maandishi madogo ambayo mtu fulani, miaka fulani, alijaribu kuyafuta kwa kifutio. Mwandiko haukuwa wa mtoto. Yuhas aliongeza weusi wa picha, akasoma mara mbili, akanakili neno kwa neno. Saa nne na dakika nane alipandisha kilima kuelekea mtaa wa Westmont, nyumbani kwa Len.

Leonard Palko alifungua mlango kabla kengele haijamaliza kulia. Miaka sabini na mitatu, shati limepigwa pasi, mfuko wa kifuani umefungwa kifungo.

"Inspekta! Emil amenipigia simu. Kipofu wetu kapotezewa takataka, kapewa lulu, na bado analia."

"Nionyeshe seti yako ya sitini na moja."

"Kwa furaha. Unazipenda?"

"Napenda zilizotimia."

Alivaa glovu, akaleta albamu kama anayebeba mtoto mchanga. Yuhas alifungua kurasa mwenyewe. Kwenye karatasi ya mwisho kabisa, mfuko wa kadi ya orodha ulikuwa mtupu.

"Iko wapi?"

"Nimeituma kwa wapimaji wa ubora."

"Lini?"

"Juzi."

"Risiti ya posta?"

Len alivuta glovu zikakaza vidoleni.

"Jana hukwenda kufinya pirogi."

"Tumbo."

"Jumatano ulisoma nini nyuma ya kadi ya Emil?"

"Misalaba."

Yuhas aliweka picha iliyokuzwa juu ya albamu. Len hakuhitaji kioo. Aliitazama muda mrefu, kisha akavua glovu, kidole kimoja kimoja.

"Mwizi wa kawaida angeng'oa karatasi nzima akakimbia," Yuhas alisema. "Mjanja angeacha kadi mbovu, yenye kona iliyokunjika, na kidole cha kipofu pengine kingekosea. Wewe uliacha safi kuliko zote."

"Sikuwa na mbovu," Len alisema. "Na ningekuwa nayo, nisingeweza. Kumwachia mtu kadi mbaya kuliko yake?"

Alifungua kifungo cha mfuko. Kadi ya orodha ilikuwa ndani ya ganda gumu la plastiki.

"Nilikuwa na kiberiti mkononi jana."

"Kwa nini hukuichoma?"

"Ni ya sitini na moja, Inspekta."

Yuhas alimsomea onyo: halazimiki kusema, na atakalosema litaandikwa. Len alitikisa kichwa.

"Nitasema. Ila si hapa. Jikoni kwake."

Kabla ya kutoka aliingia chumbani, Yuhas akisimama mlangoni, akatoa kopo la bati la tumbaku.

Saa tano na robo walikuwa watatu mezani. Emil alitambua hatua za Len.

"Bibi harusi. Umekuja kunipa pole?"

"Mimi ndiye niliyeichukua, Emil."

Sinki lilidondosha tone, likadondosha jingine.

"Wewe ndiye uliyechukua nini?"

"Zote mbili."

Za mwizi, wanasema, ni arobaini. Za Len zilifika miaka sitini na miwili. Alisimulia akitazama meza, na Yuhas aliandika.

"Tulikuwa barazani kwenu, redio inatangaza mechi. Mama yenu akamwita Metro amshikie sufuria ya halupki, nyama iliyofungwa kwa majani ya kabichi. Wewe ukaenda chooni. Kadi ilikuwa juu ya rundo, na unga wa jojo bado usoni. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilitaka nilale nayo siku moja tu, kesho niirudishe. Kesho yake Metro akakutazama wewe. Nikaona mlango umefunguka, nikapita."

"Ukapita," Emil alisema.

"Januari sitini na nane alikuja kuniaga. Aliikuta kwenye droo yangu akitafuta kiberiti. Hakunipiga. Laiti angenipiga. Alisema, 'Utamwambia mwenyewe. Nikirudi, nitauliza.' Nikaapa. Aprili tukamzika."

"Na Mei? Na mwaka sabini? Na harusi yangu, umesimama kando yangu na pete mfukoni?"

"Kila siku nilisema kesho. Sikujua kama ameandika popote. Jumatano nikasoma. Jumatatu wangekufungua macho."

Emil aligeuza uso upande wa Yuhas. "Ameandika nini?"

Yuhas alisoma kutoka kwenye kadi yenyewe. "'Palko anayo. Si Emil.'"

"Tena."

"'Palko anayo. Si Emil.'"

Mzee alinyanyuka, akavuta droo ya vijiko, akapapasa mpaka nyuma. Aliweka mezani kufuli dogo la shaba, wazi, bila ufunguo.

"Asubuhi aliyoondoka niliamka nikalikuta hili juu ya mto wangu. Nilidhani ananisimanga. Miaka hamsini na mitano nimelitunza kama tusi." Alilifunika kwa mkono. "Alikuwa ananifungulia."

Len alifungua kopo la bati. Alitoa kadi moja, akaisukuma polepole mpaka ikagusa vidole vya mwenzake. Yuhas aliitazama: namba 417, mrushaji kijana ameinua goti, doa la waridi kwenye kona ya juu. Kona zote nne zilikuwa zimeliwa. Haikuwa kadi iliyotunzwa na mtu wa glovu. Ilikuwa kadi iliyoshikwashikwa.

"Mlalamikaji," Yuhas alisema, "mshukiwa amekiri. Unataka kushtaki?"

"Kwa ipi?"

"Kadi ya orodha. Ile nyingine sheria haiikumbuki tena."

"Kwa ya orodha, sitaki."

Alitia sahihi pale Yuhas alipomwekea kidole. Kisha akanyoosha kiganja.

"Ufunguo wangu, Len."

Len aliutoa kwenye pete yake. Ulikataa kutoka, alihangaika nao kwa kucha mpaka ukakubali.

"Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi," Emil alisema. "Utagonga, kama wageni wengine."

"Nitagonga."

"Na hiyo safi yako ichukue, irudishe kwenye seti yako. Yangu ni yenye misalaba."

Saa tano na dakika hamsini na mbili, Emil Hritz alivuta albamu, akautafuta mfuko kwa kidole gumba, akatelezesha namba 417 ndani mpaka ikagota chini.