Parrain Hana Bibi

Ile samedi, pembeni ya soko kubwa, duka ya Papa Paluku ilijaa bantu mpaka inje. Kyakimwa, binti yake, alikuwa nyuma ya meza ya kuuzishia na libaya ya kijani, mabega wazi, kalamu ndani ya misuko ya nywele.

"Dada, unipatie mufuko ya sukari na karton ya majani ya chai," akasema mwanaume mumoja murefu, shati nyeupe ya kupigwa pasi.

"Sukari yote ile? Uko na bibi ngapi?"

"Hata mumoja."

"Basi unauzishaka chai?"

"Hapana. Tunaitoaka bule."

Kyakimwa akamuangalia mara ya pili. Mwanaume hana bibi, anagawia bantu chai ya bule? Ile kintu ikamuwasha kichwa. Akauliza jina: Sylvain, fundi wa mafriji, baba yake alitumika ku chemin de fer, kazi ya treni. Akauliza na numero ya simu. Aliiomba yeye, binti. Mama yake hakujua.

Miezi ikapita, bakapendana sana.

"Chérie, leo unavaa nini?"

"Kikwembe ya manjano. Ju ya nini?"

"Nitafute lunettes ya jua. Utaniumiza macho."

"Muongo weye," Kyakimwa akacheka, na akaivaa.

Siku moja balikuwa banakula bukari na samaki ya Kasenga. Simu ya Sylvain ikalia juu ya meza.

"Bonyeza haut-parleur, mami, mikono yangu iko na bukari."

Sauti ya mwanaume ikatoka, inatetemeka: "Parrain, leo inanishinda. Kuya mbio."

Sylvain akasimama, akanawa, akaacha chakula nusu.

"Ni nani?" Kyakimwa akauliza.

"Siwezi kukuambia jina yake. Unisamehe."

Sasa, huku kwetu kila muntu anajua: ku ndoa, parrain, musimamizi wa baarusi, anachaguliwa mwanaume mwenye bibi wa kanisa, na bibi yake njo marraine. Kyakimwa akapeleka ile neno kwa rafiki yake Sephora.

"Parrain hana bibi?" Sephora akapiga mikono. "Uliona wapi? Marraine iko kwake, anamupikia. Weye uko unacheka na simu."

Kyakimwa akaacha kujibu. Mara moja tu akapokea.

"Kyaki, nilikosa nini?"

"Usalimie marraine."

"Marraine gani?"

Akakata. Akalia. Lakini hasira yake ilikuwa na ulizo ndani, na ulizo haikumuacha alale: ule marraine anafanana namna gani? Anavaaka nini?

Dimanche akavaa kikwembe ya kufunika kichwa, akamufuata Sylvain mpaka kartie ya Hewa Bora, ku salle moja ya mikutano nyuma ya kanisa. Mulango ilikuwa wazi. Ile siku balipokea kila muntu. Mama mumoja akamupa kikombe ya chai ya sukari mingi, hata jina hakumuuliza. Bantu baliketi muzunguko, bazee na vijana, bamama pia. Akatafuta bibi wa Sylvain kwa macho. Hapana.

Sylvain akasimama. "Jina yangu Sylvain, niko mulevi."

"Bonjour, Sylvain," bote bakajibu.

Kyakimwa karibu aangushe kikombe. Akasikia habari ya lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, ya kulala ndani ya mufereji, ya kazi iliyopotea. Akasikia namna makundi ya bale baliacha pombe, ya hapa na ya Kasenga, yalimuchagua atumikie district yote bila mushahara: kutembelea bagonjwa, kupatanisha bale banagombana, kusafiri mpaka Kilwa ya huku kwetu, ku ziwa, kufungua kundi mupya.

"Na parrain ni nini hapa?" akamunongoneza ule mama.

"Ule alikutangulia kuacha pombe, anakushika mukono. Bibi ao hapana bibi, haina kazi."

Inje, Sylvain akamukuta ku ukuta.

"Ju ya nini haukuniambia?"

"Majina ya benzangu, siwezi kuitoa. Yangu niliweza. Niliogopa."

"Uliogopa papa, ju anauzishaka pombe ya sachet?"

"Niliogopa weye."

Kyakimwa akafungua kikwembe ku kichwa. "Kuya nyumbani uambie bazazi wangu. Miye sitakusemea."

Sylvain akakuya na shati ileile nyeupe. Akasema yote. Papa Paluku akasikiliza, kofia juu ya goti. Mama Jeanne, mama wa binti, alikamata ncha ya kikwembe yake na kuikunja, kuikunja. Ndugu yake mwenyewe lutuku ilimuzika.

"Mwana," akasema, "balevi bote banaapaka."

"Siapi, mama. Leo sikukunywa. Kesho nitaanza tena siku ingine bila kunywa."

Mabinti, ndoa mingi inavunjika ju ya ulizo ambayo muntu alimeza siku kama hii, aonekane na adabu.

"Kyakimwa," Papa Paluku akasema, "mwenye kuolewa ni weye. Unasema nini?"

"Papa, niko na ulizo moja." Akamugeukia Sylvain. "Siku utaanguka, nitaambiwa na bantu, ao na weye?"

Sylvain akasogea mbele ya kiti.

"Na miye. Hata kama nitafika kwa magoti."

Kyakimwa akamuangalia mama yake, mwenye machozi ku macho, kisha baba yake.

"Basi, papa," akasema, "baambie jamaa yake balete mali ya ndoa."