Ukoko Mweupe Kwenye Tuta

Kila asubuhi kabla ya kengele, wanafunzi wa Gredi ya Sita katika shule moja ya kijiji cha Ganda, huko pwani, walikwenda bustanini kutazama matuta yao. Tuta la Sidi na Jedida lilikuwa la mchicha. Kazi waligawana: Jedida alitia samadi na kupalilia, Sidi akamwagilia maji.

Sidi hakuwa mtoto wa kupita kitu bila kukiuliza. Mbona jongoo hujikunja akiguswa? Mbona mchicha mwingine una shina jekundu? Mwalimu Mwaro alizoea kumwambia, "Sidi, nipe nafasi nimeze mate."

Wiki ya tatu mchicha wao ukaanza kuungua. Ncha za majani zilikauka zikawa za kahawia, ilhali matuta ya wenzao yamestawi. Mwalimu Mwaro alichuchumaa, akafukua kidogo.

"Jedida, samadi hii ya mbuzi uliiacha ioze kwanza?"

"Niliiacha, Mwalimu. Mwezi mzima."

"Basi mbona inaunguza? Samadi mbichi ndiyo hufanya hivi. Kuanzia leo kaa kando na bustani, mpaka ujifunze subira."

Jedida, aliyeipenda bustani kuliko somo lolote, alirudisha jembe stoo machozi yakimlengalenga. Sidi alimwonea huruma, lakini naye aliamini ni samadi.

Jumamosi baba yake Sidi alirudi kutoka Marereni, alikofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi. Sidi alimwamkia, akachukua gambuti zake, viatu vyake vya mpira vya kazini, kuziosha. Zilikuwa zimeganda ukoko mweupe.

"Baba, huko kwenye chumvi nyasi huota?"

"Ziote wapi, mwanangu? Chumvi ikishakaa ardhini, ardhi hiyo imekwisha."

Sidi aliacha kusugua. Ukoko kama ule alikuwa ameuona kwenye tuta lao, akadhani ni majivu.

Jumatatu alifika shuleni mapema. Alichota udongo wa tuta lao kwa kidole, akaugusisha ulimini. Chumvi. Akaonja wa tuta la jirani. Huo ulikuwa udongo mtupu.

Hapo mambo yakamwelea. Bomba la maji matamu lilikuwa ng'ambo ya uwanja, na foleni yake ndefu. Kisima cha kuoshea vyoo kilikuwa hatua chache tu kutoka bustanini. Mwalimu alikuwa amewaonya kwamba kisima hicho kina chumvi, lakini Sidi alijiambia kwamba hata mchicha wa mezani hutiwa chumvi, akawa anachota papo hapo.

Hakuna aliyemwona. Angeweza kuanza kwenda bombani kimyakimya, na mchicha ukapona, na Jedida akabaki na lawama zake. Wazo hilo lilimtia haya. Aliufumbata udongo mkononi, akamwita Jedida, wakaenda pamoja kwa Mwalimu Mwaro.

"Shikamoo, Mwalimu. Naomba uonje."

Mwalimu alishangaa, akaonja, akatema.

"Ni mimi," Sidi alisema. "Nilikuwa nachota kisimani kwa uvivu wa foleni. Samadi ya Jedida haina kosa. Nisamehe, Jedida."

"Mimi nililia siku tatu," Jedida alisema. Kisha akaongeza, "Foleni tutapanga wote. Ila ndoo kubwa ni yako."

Kwa wiki mbili walimwaga maji matamu kwa wingi, ili chumvi izame chini kabisa. Sidi alibeba ndoo kubwa hadi mabega yakamuuma. Miche kadhaa ilikufa, wakapanda mingine. Siku majani mapya yalipochomoza, Mwalimu Mwaro aliwaita wanafunzi wote penye tuta lile.

"Jedida, nilikuhukumu kabla sijaonja udongo. Uniwie radhi," alisema. Kisha akamgeukia Sidi. "Wewe huuliza habari za jongoo na za mashina, na ni vizuri. Lakini swali gumu ni lile linalokurudia mwenyewe: je, ni mimi? Uliliuliza, na jibu hukulificha. Mkulima asiyejiuliza hivyo atalaumu samadi mpaka shamba life."

Sidi aliinamisha kichwa. Kisha akaichukua ndoo kubwa, akavuka uwanja kwenda kupanga foleni.