Usizime Kila Kitu

Foleni ya fundi wa kompyuta ilikuwa imefika mlangoni, na kila aliyepita na toroli la maboksi aliwasukuma waliokuwa mkiani. Mbele kabisa alisimama msichana wa gauni la njano na raba nyeupe, amekumbatia laptopu nene kama tofali. Kazi yake ilikuwa kuchora kadi za harusi kwenye kona ya duka la kuchapisha, na watu walikuwa wamezoea kumwita Kadi.

"Hii tupa," fundi alisema bila hata kuigusa. "Nunua mpya."

"Mimi nimekuja kutengenezewa. Kutupa naweza mwenyewe."

Mtu aliyekuwa nyuma yake akacheka. Kadi akageuka. Alikuwa kijana mrefu, shati la kaki limechomekewa vizuri, buti zimejaa vumbi, begani amebeba miguu mitatu ya chuma ya kusimamishia kipimo cha ardhi.

"Unacheka nini, Mpima?"

"Nacheka kwa sababu yangu ni kuukuu kuliko hiyo na inakimbia. Ikiwaka inachukua muda gani?"

"Naiwasha, naenda kuoga, narudi, bado inajifikiria."

"Na inaunguruma?"

"Kama mashine ya kusaga."

"Basi imekabwa na vumbi, na diski imechoka. Nunua diski ya kisasa, ile isiyozunguka. Mengine utafanya mwenyewe."

"Mwenyewe? Si wewe?"

"Nikikufanyia, mwakani utanitafuta tena."

"Na nikikutafuta kuna ubaya?"

Mpima akajifanya anaweka sawa miguu ya chuma, akampiga nayo mzee mmoja kwenye goti.

Jumamosi Mpima alifika kwa kina Kadi kumwelekeza, na bisibisi, brashi laini na diski mpya aliyomsaidia kuichagua. Mama mtu alikuwa sebuleni anakunja nguo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ukimharibia mwanangu kompyuta ya kazi, hutaondoka kwenye hiyo meza mpaka ipone. Kaa."

Mpima akakaa kwa adabu zote, magoti yamebanana. Lakini bisibisi alimpa Kadi.

"Kazi zako umeshazinakili pembeni? Vizuri. Izime kabisa. Chomoa waya, toa betri. Kila skrubu iweke hapa kwenye karatasi kwa mpangilio wa kuzitoa, la sivyo tutabaki na za ziada na tusijue za wapi."

"Sauti kali hiyo. Nyumbani kwenu hawakulalamikii?"

"Shika feni kwa kidole isizunguke, halafu piga brashi. Polepole, mpenzi."

Neno lilimponyoka. Mama akaacha kukunja shuka. Kadi akaendelea kupiga brashi kana kwamba hakusikia, ila shingo ilipata joto. Vumbi likatoka kama kipande cha blanketi la kijivu.

Walipoifunga na kuweka mfumo upya kwenye diski mpya, laptopu iliwaka kabla Mama hajamaliza kulalamika juu ya uchafu mezani. Kadi akapiga kelele, akamkumbatia Mpima, kisha akakumbuka nani yuko nyuma yake.

"Endeleeni," Mama alisema. "Mimi nakunja nguo."

Kuanzia hapo ikawa simu asubuhi na jioni, na matembezi kila Mpima alipotoka kazini. Kisha akapelekwa mbali kupima barabara mpya. Siku aliyofika huko alipiga.

"Kipenzi, mashine inaendeleaje?"

"Imeanza uzembe kidogo. Asubuhi inafungua mambo chungu nzima."

"Hizo ni programu zinazojiwasha zenyewe. Kila unayoongeza inataka kuamka na wewe. Fungua mipangilio, zizime zile usizozihitaji."

"Nitazizima zote. Unanijua."

"Nakujua, ndiyo maana nakuogopa."

Kweli alizizima zote, mstari kwa mstari, kwa raha ya mtu anayefagia uwanja. Kesho yake simu yake ikatumbukia kwenye ndoo ya kufulia, ikafa hapo hapo. Akaazima ya Mama, akapiga namba ya Mpima aliyoikariri.

"Niandikie kwenye barua pepe, mpenzi. Nikiwasha tu laptopu, inalia."

"Kila siku nitakuandikia."

Akawasha. Kimya. Kesho yake kimya. Wiki ikapita, ya pili ikaingia, na kila asubuhi Kadi aliitazama laptopu yake nyepesi, safi, iendayo kasi, isiyolia.

"Mpigie," Mama alisema.

"Nilishapiga mimi. Zamu yake."

"Mwanamume mzima anajua kupima milima, anashindwa kuandika mistari miwili? Usipoteze muda wako. Na huyu mjinga anayenipigia kila jioni, nikisema haloo anakata, nikimjua ataniona."

Kadi hakusikiliza. Alikuwa amekwisha kuvunjwa moyo mara moja na mchumba aliyenyamaza hivi hivi, na alikuwa ameapa hatangoja mtu tena. Akarudi kazini, akachora maua kwenye kadi za wengine huku akiuma meno.

Siku hiyo mteja akaingia dukani kama upepo, kidole chenye pete ya uchumba mbele.

"Dada, nimekutumia marekebisho mara tatu! Harusi yangu itangoja?"

"Mbona hakuna kilichoingia?"

"Umeifungua hiyo barua pepe?"

"Huwa inajifungua yenye..."

Mkono ukamwenda mdomoni. Akaifungua programu kwa mara ya kwanza tangu alipoifagia pamoja na zingine. Ikalia. Ikalia tena. Ikaendelea kulia mpaka mwenye duka akachungulia. Marekebisho ya mteja yalikuwemo, na juu yake, chini yake na katikati yake, Mpima, Mpima, Mpima. Ya mwisho ilikuwa ya jana, na kichwa chake kilisema: Nimerudi.

Kadi hakusoma hata moja.

"Yako nitaimaliza leo hii, nakuapia," alimwambia mteja. "Nipe saa moja."

Ofisi ya wapimaji ilimwelekeza barabara ya nyuma ya soko la vyuma. Mpima alikuwa ameinamia kipimo, jicho moja kwenye lenzi, akitafuta alama ya mbali. Badala ya alama akaona gauni la njano. Akainua kichwa. Alikuwa amekonda.

"Umekuja kuniambia mwenyewe?" aliuliza. "Nilishaelewa."

"Umeelewa nini? Ulisema nizime zinazojiwasha. Nikazima na barua pepe."

Mpima alimtazama. Akatazama laptopu kwapani mwake.

"Nilisema zile usizozihitaji!"

"Unanijua, unaniogopa, na bado ukaniachia! Ungepiga simu ya Mama."

"Nilipiga. Kila jioni. Nikisikia sauti yake naishiwa nguvu, nakata."

Kadi akacheka hadi akashika nguzo. Mpima akacheka pia, kwanza kwa mashaka, kisha kwa nguvu.

"Sasa umezisoma?"

"Sijasoma. Nataka uniambie kwa mdomo wako."

"Zote?"

"Anza na ya mwisho."

Mpima akafuta mikono kwenye suruali. "Ya mwisho ilikuwa oda. Nilitaka kadi ya harusi. Upande wa bwana harusi andika mimi. Upande wa pili niliuacha wazi, ujaze wewe ukipenda."

Kadi akaiweka laptopu juu ya boneti ya gari la kazi, akaiwasha. Ikaamka mara moja. Akafungua ukurasa mweupe wa kadi.

"Tarehe?"

"Hiyo ni ndiyo?"

"Nisingeuliza tarehe." Akavuta simu kutoka mfuko wa shati la Mpima, akamwekea mkononi. "Lakini kwanza mpigie Mama. Na leo usikate."

Akapiga. Ikaita. Sauti ikatoka kali mpaka Kadi akaisikia: "Haloo! Wewe ndiye yule mjinga?"

Mpima akasimama wima kama mtu anayepimwa yeye.

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."