Uzi kwenye Kidole cha Ayaa

Mashine ya ukaguzi ililia, na foleni nzima ya waliokuja kwenye mahafali pale Chuo Kikuu cha Kyambogo, Kampala, ikageuka kumtazama Khaemba. Alivaa suti ya kijivu na viatu vinavyong'aa, lakini mfuko mmoja wa koti ulikuwa umevimba.

"Toa vitu, ssebo," aliagiza askari wa kike, mrefu, mweusi tii, kofia yake imelala kidogo upande.

Khaemba akatoa kufuli tatu mpya.

"Unakuja graduesheni na kufuli?"

"Nina duka la vifaa vya ujenzi Kawempe, afande. Mteja ananingoja humo ndani. Lakini moja naweza kukuachia, ufunge moyo wako wasiingie wengine."

Foleni ikaangua kicheko. Askari alijitahidi kununa, akashindwa. Aliitwa Ayaa, binti wa sajini mstaafu wa Gulu. Kabla jua halijazama, Khaemba, Mkenya wa Bungoma, alikuwa na namba yake ya simu.

Mwaka uliofuata akataka kumchumbia kwa pete, bila Ayaa kujua mapema. Sonara akamuuliza saizi. Khaemba hakuijua, na Ayaa hakuwa mtu wa kuvaa pete.

"Mpime nyumbani," sonara alimwambia. "Zungusha uzi kwenye kidole, tia alama ncha zinapokutana, uunyooshe kwenye rula. Na kifundo cha kidole ukipime pia, la sivyo pete haitapita."

Jumamosi mchana Ayaa alitoka zamu, akalala kwenye kochi la Khaemba, bado na suruali ya khaki na fulana nyeupe. Khaemba akapiga magoti. Uzi mwekundu ukazunguka kidole, ukakwama kwenye kifundo. Akauvuta.

Ayaa akafumbua macho. "Unanifunga nini?"

Khaemba akaficha mkono nyuma. "Hakuna kitu, mpenzi. Lala."

Hilo "hakuna kitu" ndilo lililoharibu. Acan, dada yake Ayaa, aliwahi kuolewa na mwanamume aliyemkata nywele usingizini akazipeleka kwa mganga. Acan alirudi kwa baba yao amekonda, hasemi na mtu. Ayaa ndiye aliyekuwa akimwogesha.

"Na wewe pia, Khaemba?" Akatumbukiza miguu kwenye buti bila kufunga kamba, akatoka.

Hakupokea simu zake. Acan akamsihi aombe uhamisho, arudi nyumbani Gulu. Ndipo Ayaa akapokea, ili tu aachane na Khaemba.

"Sema haraka. Kesho naomba uhamisho."

"Ayaa, nilikuwa napima kidole. Cha pete."

"Pete inapimwa kwa uzi? Unaniona mjinga?"

"Sonara ndiye alinifundisha, haki ya Mungu."

"Basi ulificha nini?"

"Niliogopa. Nilidhani utakataa kabla sijakuuliza."

Ayaa akamkatia simu. Lakini usingizi ulimkataa. Asubuhi akajizungushia uzi kidoleni, akaukata, akaingia kwenye duka la kwanza la sonara aliloliona, la mama mmoja aitwaye Halimah. Akauweka mezani bila kusema neno. Halimah akaunyoosha kwenye rula papo hapo.

"Ya ndoa au ya urembo, nyabo?"

Kumbe ni kweli. Ayaa akauchukua uzi, akashika njia ya Kawempe.

Alimkuta Khaemba dukani, kati ya mifuko ya saruji, shati limekunjamana, macho mekundu.

"Siku nyingine ukitaka kitu kwenye mwili wangu, niamshe, uniulize," alisema. "Hata kama ni kidole tu."

"Nimekosa, mama. Nisamehe."

"Haya, uliza."

"Ayaa, utakubali nikuoe?"

Ayaa akatoa simu, akapiga.

"Baba? Jumapili uko nyumbani? Nakuja na mtu... Eeh, Mkenya... Najua, baba. Mwambie Acan asitoke, nataka amwone."

Akairudisha simu mfukoni, akamfunga Khaemba kifungo cha shati kilichoachwa wazi.

"Acan atakuhoji mpaka utoke jasho," alisema. "Yeye ndiye wa kumshawishi. Mimi nimeshakubali."