Foleni ya Bombani

Kila asubuhi Kiroboto alifagia ua, akateka maji, kisha akanywa uji akiwa wima. Hakuna aliyewahi kumwona ametulia, ndiyo maana shangazi yake akambandika jina hilo.

Shangazi alikuwa chuoni akisomea sosholojia, elimu ya jinsi watu wanavyoishi pamoja. Jumamosi moja aliteguka mguu, na ripoti yake ilitakiwa Jumatatu.

"Kaa bombani saa tatu mpaka saa nne, uandike unachokiona," alimwambia. "Nina maswali matatu. Foleni inawasaidia nini watu? Nani ananufaika, nani anaumia? Na ndoo ikiachwa pale peke yake, watu wanaichukuliaje?"

Hata dakika kumi hazikuisha, miguu ikaanza kumwasha. Wenzake walikuwa wakicheza rede ng'ambo ya barabara. Aliandika upesiupesi, "Watu walipanga mstari vizuri, hakuna ugomvi," akatoka mbio.

Jioni jirani yao, mama dobi, aliingia amenuna.

"Leo nimedhalilishwa. Muuza maji kaja na madumu yake, kaisukuma ndoo yangu kando, na mwenye funguo za bomba kanyamaza."

"Saa ngapi?" Shangazi aliuliza.

"Saa tatu na nusu."

Shangazi alilitazama daftari, kisha akamtazama Kiroboto.

"Sikuwepo, shangazi. Nilibuni."

"Basi kesho utarudi."

Jumapili miguu ilimwasha vilevile, lakini hakubanduka. Aliona foleni ikiwaepusha watu kugombana. Aliona ndoo tupu ikiheshimiwa kana kwamba mwenyewe amesimama pale. Kisha muuza maji akaja, akapitishwa mbele mara tatu, na bibi mmoja akarudishwa nyuma. Yote aliyaandika.

Mama dobi alilipeleka daftari kwa mwenye funguo. Yule bwana alisoma huku akijikuna kisogo. Tangu siku hiyo muuza maji akapangiwa mchana, wengine wakishamaliza.

"Wataalamu wengine huuliza jamii inashikamanaje," Shangazi alimwambia Kiroboto. "Wengine huuliza nani ana nguvu juu ya nani. Wengine huchunguza maana ambazo watu wanavipa vitu, kama ile ndoo. Lakini wote huanza kwa kutazama na kusema kweli. Ulipobuni, mwanangu, ulimsukuma mama dobi kando kwa mara ya pili."