Kobe Aliyehamia Kabatini

Mume wangu Primus alibeba mizigo ya wageni mlimani kwa miaka mingi. Alibeba mahema, majiko, hata viti vya kukunja. Kisha goti likamgomea. Daktari akamwambia, "Mzee wangu, mlima basi." Tangu siku hiyo Primus akawa mtu wa kukaa nyumbani, na mimi nikawa mtu wa kumvumilia.

Jamani, mwanaume asiye na shughuli! Alionja mtori wangu wa ndizi kabla haujaiva. Aligombana na kuku. Alitaka kunifundisha kukata mikungu ya ndizi, mimi Margareta, niliyezaliwa na kukulia katikati ya migomba hapa hapa Marangu.

Aliyetuokoa ni Mama Ishaan. Jina lake hasa ni Sulochana. Ana duka la vitambaa Moshi mjini, na mimi humpelekea ndizi kila ninaposhuka sokoni. Nyumbani kwake Rau wanafuga kobe tangu enzi za baba mkwe wake, tena kwa kibali cha maofisa wa wanyamapori. Mayai ya kobe wake yalikuwa yameanguliwa. Nilipomsimulia habari za Primus na goti lake, alicheka mpaka akashika meza.

"Mpelekee kobe mmoja," alisema. "Wanalingana mwendo!"

Tulifuata taratibu zote, na kibali chetu kikatoka. Siku ya kunikabidhi kobe, Mama Ishaan aliacha kucheka.

"Wa porini msiokote kamwe," alionya. "Ni kosa kisheria, tena ni kumwonea mnyama. Na huyu nitakuja kumtazama. Nikimkuta amedhoofu, narudi naye Rau. Urafiki wetu haumhusu."

Primus alimpokea kobe yule kwa mikono miwili. Kobe mwenyewe alienea kwenye kiganja kimoja tu. Gamba lake lilikuwa la manjano lenye madoa meusi.

"Mtazame," Primus aliniambia. "Kazaliwa na mzigo mgongoni na halalamiki. Huyu ni Mpagazi."

Jina likawa hilo. Kila asubuhi, baada ya chai, wawili hao walitoka kutembea kwenye njia ya kihambani, shambani kwetu kwa migomba. Jirani yetu Aristides aliwaita wastaafu.

"Mtafika lini?" aliwauliza akicheka.

"Mlimani, wanaokimbia ndio wanaoshushwa kwa machela," Primus alimjibu.

Alianza tena kuimba nyimbo za kanisani akinyoa ndevu. Mtori wangu ukapona. Nilifurahi, sina la kuficha.

Ukaja mwezi wa saba. Wa huku milimani wanaujua mwezi huo. Ukungu hushuka asubuhi na hauondoki. Nguo hazikauki. Jua tunalisikia kwa watu wa chini, kule Moshi.

"Mpagazi anahitaji banda," Primus aliamua.

Sasa, huku kwetu hatuachi mifugo izurure. Ng'ombe hukaa zizini na huletewa majani. Beberu wa kuchoma siku ya sherehe, yule tunayemwita ndafu, hufungiwa ndani, gizani. Halafu analishwa, analala, ananenepa. Primus alijua kufuga hivyo, maana baba yake alifuga hivyo. Basi akamfungia Mpagazi kwenye banda la nyuma ya jiko, kona ya beberu. Akamtandikia majani mabichi ya mgomba, yamelowa ukungu. Akampa ndizi mbivu asubuhi na ndizi mbivu jioni. Akimwonea huruma zaidi, alimpa uji.

"Baba Hilda," nilimwita. Hilda ni binti yetu, ameolewa Mwika. "Unamnenepesha huyo ili tumle Krismasi?"

"Mnyama akae ndani, ale, apumzike," alijibu.

"Lakini humo kuna giza. Tena ni baridi. Mimi naona hayuko sawa."

Primus akakasirika. "Wewe unajua nini kuhusu mifugo? Wewe jua ndizi zako!"

Mimi! Ninayekata majani ya ng'ombe na beberu wake kila siku iendayo kwa Mungu! Neno lile liliniuma kweli. Nilichukua panga langu, nikaenda zangu kihambani.

Hali ya Mpagazi ikazidi kuwa mbaya. Aliacha kutembea. Akaacha kula. Macho yake yakafumbika, yakabaki hivyo. Asubuhi moja nilimkuta Primus amekaa juu ya ndoo bandani, kobe yuko mapajani. Alikuwa anajifuta uso kwa kofia.

"Ni goti linauma," alisema haraka.

Nilikuwa bado nimenuna, lakini moyo si jiwe. Nilitoka nje, nikampigia simu Mama Ishaan.

Alifika siku ya pili, akiendesha mwenyewe gari lake dogo lenye matope mpaka viooni. Alibeba kikapu. Primus alipomwona, aligeuka kunitazama. Alijua nimempigia.

"Shimboni, Baba Hilda!" Mama Ishaan alimsalimia kwa Kichagga.

"Shimboni," Primus alijibu kwa sauti ndogo.

Mama Ishaan alimchukua Mpagazi. Akamgusa miguu. Akamtazama macho na pua. Akaingia bandani na kutoka tena.

"Huyu ana baridi mpaka ndani," alisema. "Kobe si kama mbuzi, Baba Hilda. Mbuzi hujitengenezea joto mwilini mwake. Kobe hawezi. Analipata kwa jua. Bila joto, hata chakula hakisagiki tumboni. Wewe unamlisha, yeye anaoza ndani."

Primus alivua kofia, akaikunja mikononi.

"Na ndizi mbivu! Sukari tupu. Zinamharibia tumbo. Na hayo majani mabichi yanayolowa, yanamletea mafua. Nilisema nini siku ile?"

"Ulisema utamchukua," Primus alijibu. "Mchukue, Mama Ishaan. Bora aishi kwako kuliko afie kwangu."

Nilimwonea huruma, hasira zote zikanitoka. Mama Ishaan alimtazama. Kisha akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya sari yake.

"Nitaondoka alasiri," alisema. "Akipata nyumba ya kufaa kabla sijawasha gari, atabaki. Asipopata, naondoka naye. Sasa leteni maji ya uvuguvugu na beseni."

Tulimweka Mpagazi kwenye beseni. Maji yalimfika chini ya kidevu tu, si zaidi. Alikaa humo kimya. Kisha, polepole, akashusha kichwa na kunywa. Primus alinishika mkono bila kujua. Alipojua, akauachia.

"Haya, sanduku," Mama Ishaan alisema. "Nataka kitu kipana na kirefu. Kobe hapandi juu, anatembea chini."

Primus alikimbia, goti na yote, akaleta tenga la kuku.

"Hapana. Akiona nje kupitia mapengo, atasukuma ukuta kutwa nzima, atajiumiza pua. Ukuta uwe mzima, asione nje."

Akaleta katoni la mafuta ya kula.

"Dogo. Tena litalowa."

Primus akasimama sebuleni, akatazama huku na huku. Macho yake yakatua kwenye kabati langu.

Niwaeleze kuhusu kabati hilo. Shangazi yangu Elinipendo alinipa siku ya harusi. Kioo kimoja kilivunjika siku nyingi, bawaba zimelegea, vyombo vilishahamia kwenye rafu. Primus alitaka kulipasua kuni mara nyingi, nami kila mara nilisimama mlangoni kama askari.

"Lile tukililaza chali," Mama Ishaan alisema, "tukatoa milango na mbao za katikati..."

"Hilo hapana," nilisema.

Nilimsubiri Primus aanze. Lakini alimtazama tu Mpagazi, tuliyekuwa tumemtoa majini na kumweka kwenye taulo, kisha akatikisa kichwa.

"Mwache Mama Hilda," alisema. "Hilo ni la shangazi yake. Nitatafuta kingine."

Mnaona wanaume? Angenifokea, ningelilinda kabati lile mpaka jioni. Nilikwenda mwenyewe, nikatoa vitambaa vya mezani vilivyokuwa ndani.

"Lilazeni," nilisema. "Shangazi alinipa nifurahi nyumbani kwangu. Nyumba yenye mume anayelia bandani ina furaha gani?"

"Ni goti," Primus alisema.

Tulicheka wote watatu, kisha tukaanza kazi.

Primus alikata na kupiga msumari. Akapiga randa mbao zote zenye vibanzi. Kabati likalala juu ya meza ngumu, sebuleni, mbali na dirisha linalopitisha upepo. Miguu ya meza nikaisimamisha kwenye makopo yenye maji, maana huku siafu hawabishi hodi.

"Udongo sasa," Mama Ishaan aliagiza. "Mkavu, usiwe na mbolea wala dawa ya kahawa. Changanya na mchanga kidogo. Kina cha kiganja, apate kuchimba."

Tulipata udongo chini ya stoo, mahali mvua haifiki. Nikauchekecha kama unga.

Kisha Mama Ishaan akatoa balbu kikapuni. "Hii ni ya zamani, inayopata moto. Zile nyeupe za kisasa zinatoa mwanga tu. Ining'inie upande mmoja, sio katikati."

"Kwa nini upande mmoja?" Primus aliuliza.

"Wewe ukisikia joto, unafanya nini?"

"Navua koti."

"Yeye havui. Anahama. Akihisi baridi aende chini ya taa, akihisi joto aende upande wa pili. Lazima achague mwenyewe."

Primus aliifunga taa kwa mnyororo imara, isiguse mbao, isije ikaanguka na kuunguza nyumba. Mama Ishaan akaweka kipimajoto kidogo chini ya taa. Tuliinua na kushusha mnyororo mpaka kikasoma nyuzi thelathini na mbili.

"Hapo hapo! Taa iwake mchana, usiku izimwe apate kulala."

"Na umeme ukikatika?" niliuliza, kwa sababu huku umeme una tabia zake.

"Jaza chupa maji ya moto, izungushie khanga iliyochakaa, iweke pembeni. Asiiguse moja kwa moja."

Upande wa baridi tuliweka chungu kilichovunjika nusu, kikawa chumba chake cha kujificha. Tukaweka kisahani cha maji kisicho na kina, asije akazama. Juu tukafunika wavu kwa ajili ya panya.

Nikachuma majani ya mchunga, nyasi laini na maua ya hibiskasi. "Hiki ndicho chakula," Mama Ishaan alisema. "Majani kila siku. Maganda ya mayai yachemshe, yasage, mnyunyizie kidogo, gamba liwe gumu. Jua likitoka mpelekeni nje, mahali penye kivuli cha kukimbilia, na mtu awepo kumlinda na mwewe. Kioo cha dirisha kinazuia ile nguvu ya jua anayoihitaji. Na mkimshika, naweni mikono kwa sabuni."

Primus alitaka kupamba. Akaleta jani la isale, mmea tunaoupanda kwenye mpaka wa kihamba.

"Toa!" Mama Ishaan alipiga kelele. "Kobe anaonja kila kitu. Msimwekee jani msilolijua. Isale si chakula chake."

Mwishowe Primus alimweka Mpagazi chini ya taa. Tulisubiri. Chai ikanywewa, ikaisha. Mama Ishaan akachukua funguo za gari. Primus alishika ukingo wa kabati.

Mpagazi akafumbua jicho moja. Kisha la pili.

"Yesu na Maria!" nilisema.

"Bado ni mgonjwa," Mama Ishaan alisema, lakini alikuwa anatabasamu. "Mwogesheni kila asubuhi kama tulivyofanya. Asipokula kesho, mpelekeni kwa daktari wa mifugo, msisubiri." Akamgeukia Primus. "Anabaki."

Kesho yake Mpagazi aling'ata ua la hibiskasi, akaliangusha, akaling'ata tena. Primus alinipigia kelele kama nyumba inaungua. Siku zikapita. Mpagazi akaanza kutembea, kutoka chini ya taa mpaka chunguni na kurudi. Mpaka ukungu unaondoka, kila Mpagazi aliposikia Primus anakohoa alikuja mbio kwenye ukingo, mbio za kobe. Mama Ishaan alipanda tena huku Marangu, akampima kwenye mizani yangu ya unga, akamrudisha kabatini bila neno. Akaomba mtori.

Asubuhi ya kwanza ya jua, nilikuwa nasafisha kisahani cha Mpagazi. Primus aliingia amevaa koti lake la kanisani. Mkononi alishika jani la isale, amelifunga fundo.

Huku kwetu, mtu akikuletea isale, anaomba radhi, na huwezi kumkatalia. Watu hulipeleka kwa ugomvi mkubwa, wa mipaka, wa ndoa kuvunjika. Sikuwahi kuletewa maishani mwangu.

"Mama Hilda," alisema. "Nilikuambia ujue ndizi zako. Wewe ndiye uliyeona kwanza. Ningekusikiliza, mtoto huyu asingeumwa. Nisamehe."

Machozi yalinijaa. Nikalipokea jani. Mpagazi akanyoosha shingo, akafungua kinywa kulielekea.

"Weka juu, weka juu!" Primus alipiga kelele.

"Nimekusamehe," nilimwambia nikilichomeka kwenye dari. "Huyu wala usimpe jani. Alishakusamehe zamani."

Kisha tulitoka kutembea kihambani, wote watatu, mimi nikiwangoja.