Chumba cha Katikati

Sisimizi walihama mchana kweupe. Walitoka ndani ya kiazi kikubwa kilichokuwa dirishani wakiwa wamebeba mayai yao, wakashuka ukingo wa dirisha, wakatokomea kwenye ufa wa ukuta. Fundi umeme aliwatazama, akacheka.

"Wapangaji wamenihama," alimwambia mkewe. "Na wala sijapandisha kodi."

Mkewe hakucheka. Alikuwa mjamzito wa miezi saba, baada ya mimba mbili kuharibika, na siku hizo hakuwa na hamu ya mzaha.

Fundi alikuwa na ugonjwa mmoja tu maishani, nao ni mimea ya sisimizi. Ni viazi vyenye miiba, vinavyoota kwenye magome ya miti, na ndani vimejaa vyumba na vijia ambamo sisimizi hukaa. Wateja aliowauzia waliutaka mmea, sisimizi hawakuwataka, kwa hiyo kila kiazi kilichoingia kwake alikidunga dawa ya wadudu kwa bomba la sindano. Kimoja tu, kikubwa kuliko vyote, aliwaachia wenyewe. Miaka yote hakikuzaa hata mbegu, na fundi hakuwa na subira. Wenyewe walipoondoka, alikipasua kwa kisu ili apate miche miwili.

Aliona vyumba alivyovizoea: vya kuta laini, sisimizi wanamolelea watoto, na vya kuta zenye vipele, wanamotupa taka. Lakini katikati palikuwa na chumba kisicho na mlango. Kilikuwa na joto, na kuta zake zilikuwa zimeota nywele. Harufu ya nywele zinazoungua ikajaa barazani. Fundi alisita kidogo, kisha akakisuuza kwa maji, akavipaka majivu vipande vyote viwili na kuvianika, kama wanavyofanya wakulima wote wa mimea ile.

Kesho yake kitu kiligonga ndani ya tangi tupu la maji. Baadaye kikagonga kabatini, halafu ndani ya sufuria iliyofunikwa, halafu ndani ya mto aliolalia mkewe, polepole, kama mtu anayekagua nyumba kabla ya kupanga, na kila kilipohama harufu ile ilikifuata, mpaka mchana mmoja nyumba nzima ikawa kimya na fundi akamkuta mkewe ameketi kitandani, mikono yote miwili tumboni.

"Mume wangu," alinong'ona, "tangu asubuhi mtoto hachezi. Ila kuna kinachogonga."

Walimwita shangazi wa mke, mganga wa majini. Alinusa tumbo lile, akarudi nyuma.

"Mmemtoa mtu kwake," alisema kwa sauti ya chini. "Anataka giza na joto. Lete kiazi kingine, upesi!"

Vile vipande viwili vilikuwa vimeshasinyaa. Fundi alileta viazi vyote alivyokuwa navyo. Kila kimoja kiliwekwa karibu na tumbo, na kila mara kugonga kulisita, kisha kukaendelea.

"Umevifanya nini hivi?"

"Niliua wadudu, shangazi."

"Basi umeua nyumba. Hakuna atakayekubali kukaa humu."

Fundi alipiga magoti.

"Mimi je?"

"Akiingia kwako hatoki, mwanangu."

"Usithubutu!" mkewe alilia.

"Nyamaza, mke wangu. Wewe umebeba mmoja. Acha na mimi nibebe mmoja."

Aliweka mdomo wazi juu ya tumbo, akamwita yule aliyekuwa akigonga. Harufu ya nywele zilizoungua ikamjaa kooni. Mara mtoto akapiga teke, la nguvu, mpaka mama yake akapiga kelele za furaha.

Alizaliwa msichana mzima, mwenye kilio kisichobembelezeka. Bibi zake walishindwa, hata titi la mama lilishindwa. Siku moja mama yake, akiwa amechoka hoi, alimlaza kifuani mwa baba yake.

Akanyamaza papo hapo. Chini ya mbavu za fundi, aliyekuwa amefumba mdomo kabisa, kulikuwa na sauti ikiimba. Mtoto alibandika sikio pale, akatabasamu. Walikuwa wanajuana, walishakaa chumba kimoja.